Somo nililijua, darasa ndilo lililonitoa jasho
Kuna makala nimeisoma ambayo mwandishi wake anasema walimu wapya wanayumba kwa sababu hawalijui somo lao vizuri. Nakataa, angalau kwa nusu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, hesabu za sehemu nilizijua hata usingizini. Andalio la somo nililikeshea, kila hatua na dakika zake. Kipindi cha kwanza nikalimaliza lote kwa robo saa, nikabaki na chaki mkononi nikiutazama mlango. Kumbe nilikuwa nauliza swali na kulijibu mwenyewe kabla mtoto hajapumua. Mwalimu mlezi, aliyekaa nyuma kimya muda wote, akaniambia kitu kimoja tu: ukishauliza, hesabu moja mpaka tatu moyoni. Jambo lenyewe lilishachunguzwa zamani. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu, na wakifikisha 3 majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Chuoni sikuwahi kulisikia (rangi za kalamu za kuandikia andalio, hizo tulizisikia sana). Msimamizi naye alipokuja alikagua faili, hakukaa hata nusu ya kipindi. Halafu ukiajiriwa unapewa lile darasa ambalo wakongwe wamelikwepa, na mwalimu mlezi ndiyo huna tena. Walimu wenzangu, mwaka wenu wa kwanza kuna mtu aliyewahi kuingia darasani kuwaangalia bila kuwapa alama?