Mkia wa Kiingereza umenilaza njaa

Jamani hiki Kiingereza kina mikia mingi kuliko zizi la ng'ombe. Tulifundishwa ukibandika -er nyuma ya kitenzi unapata mtu wa kazi hiyo, teach anakuwa teacher, drive anakuwa driver, nikashika hivyo hivyo mpaka utu uzima. Sasa juzi bethdei ya mke wangu nikajifanya msomi, nikamwandikia kadi, "You are the best cooker". Binti yetu wa darasa la 6 kaichungulia, kacheka mpaka kakaa chini. "Baba, cooker ni jiko! Mpishi ni cook tu."

Yaani mpishi hana mkia, jiko ndo lina mkia. Haya.

Nikamwambia lete hilo daftari lako. Friendship, childhood, kingdom. Nikajua hiyo ship ni meli, kumbe wala, ni ndugu yake shape, umbo. Hood nayo siyo kofia, zamani ilikuwa neno kabisa, had, maana yake hali. Na dom ilikuwa hukumu, ndo hiyo hiyo doom ya kututishia. Watu watatu wazima wanafanya kazi ambayo kwetu anaifanya U peke yake, urafiki, utoto, ufalme, kwisha, tena anakaa mbele unamwona mapema hujavunja shingo kumtafuta.

Halafu kuna -less, ya kwamba kitu hakipo. Bosi siku moja kaniambia "you are priceless", nikanuna siku 2 nikijua kaniita bure, sina bei. Kumbe anasifia, ati silipiki. Hapo kwenye kutolipika sibishi, mshahara wangu ni ushahidi.

Na burger? Ilikuwa hamburger, kitu cha Hamburg, mji wa Ujerumani, -er inayofanana na ile iliyoniponza. Watu wakaikata vibaya kama vile mwanzo wake ni ham, nyama ya nguruwe, na humo ndani hata nguruwe hayumo! Kipande kilichobaki wakakigeuza mkia mpya, cheeseburger, fishburger, na hakuna aliyechekwa. Mimi kuongeza herufi 2 tu kwa mke wangu ndo imekuwa kesi.

Mwenyewe kadi kaisoma, kaiweka juu ya friji, hakusema neno. Saa 2 usiku nauliza chakula, kanijibu bila kugeuka, "Jiko limezimika."