Mdomo Mmoja, Vitenzi Vinne

Jamani, hivi Waingereza walikosa shughuli hadi kazi ya mdomo mmoja wakaigawa kwa vitenzi vinne? Say, tell, speak, talk. Si ni kufungua kinywa tu maneno yatoke?

Mimi niko Houston, nakata vitunguu kwenye jiko la mgahawa. Humo Kihispania ndiyo lugha ya taifa. Wenzangu wametoka Meksiko, Honduras na El Salvador. Jioni wanasoma Kiingereza, asubuhi kesi zote zinaletwa kwangu, eti kwa kuwa nilikisoma shuleni Tanzania. Mshahara wa ualimu sijauona.

"Hermano, kwa nini siyo say me?" Nawaonea huruma. Kwao decir moja inamaliza yote, kusema na kuambia. Kiingereza kinataka tell imshike mtu hapohapo, tell me. Say haimfikii mtu mpaka ipitie kwa to. Hapo Mswahili natamba, maana huwezi "kuambia" bila anayeambiwa. Nikawaeleza kwa madaha, mkono kiunoni.

Madaha yenyewe hayakufika mchana. Wakaja na ukweli: nao eti ni tell, tell the truth. Uongo pia tell. Sala je? Say! Yaani ukweli na uongo wanakula sahani moja, sala imetengwa. Na Kiswahili changu kikaniruka palepale, kwani kwetu ukweli unasemwa, kama wao na decir la verdad yao.

Hadithi nayo ni tell. Wao wana contar, ambayo pia ni kuhesabu. Usicheke, tell yenyewe zamani ilikuwa kuhesabu. Ndiyo maana yule wa dirishani benki, anayehesabu noti, anaitwa teller. Nilipowapa hiyo, jiko zima likalipuka: kumbe ilikuwa contar yetu, wakatuficha!

Speak na talk usiniulize. Lugha ni speak, upuuzi ni talk, na wao yote ni hablar. Akiniuliza mtu sababu namwambia sahani zinamsubiri.

Aliyenimaliza ni jamaa wa kuosha vyombo. Kachelewa kazini, meneja anamuuliza kulikoni, naye anajibu: "I discussed with my wife all night." Discutir ya kwao ni kugombana, tena kwa sauti ya kuamsha majirani. Meneja akasikia kikao cha heshima. Akampiga bega, akamwambia ndoa ni mazungumzo, waendelee hivyohivyo kila usiku. Kisha akaenda ofisini kumkata dakika zake za kuchelewa.

Jamaa akanigeukia, povu mpaka kwenye viwiko: "Nchi gani hii, bosi anakusifu kwa kugombana na mkeo, halafu anakata hela?"