Printa iko mezani, akaunti ya nini?

Intaneti ilikatika jioni, lakini ruta ilikuwa inawaka na waifai ya ndani iko hewani kama kawaida. Mpwa wangu alikuwa na fomu ya kurasa mbili kwenye laptopu, ameshaijaza, inasubiri kuchapwa tu. Printa iko pembeni yake, meza ileile. Akabonyeza kuchapa. Programu ya printa ikafunguka na kumtaka aingie kwanza kwenye akaunti, na kuingia hakuwezekani kwa sababu intaneti haipo.

"Mjomba, mbona inataka intaneti na yenyewe iko hapahapa?"

Nikaifunga ile programu, nikaingia kwenye mipangilio ya laptopu, nikaiongeza printa upya kwa njia ya mfumo wenyewe. Ikaonekana mara moja. Kurasa mbili zikatoka, na intaneti bado haijarudi. Hapo ndipo hasira zilinipanda kweli, maana nilipata uhakika kwamba mashine iliweza kazi ile tangu mwanzo. Iliyozuia ni programu, na programu hiyo imeandikwa na watu waliokaa wakafikiri, wakaamua kwamba mwenye printa asichape mpaka ajitambulishe kwao.

Nalisema hili bila kupepesa macho: ukurasa unaotoka chumba kimoja kwenda kingine hauna safari ya nje ya nyumba. Hauhitaji barua pepe yangu, hauhitaji namba yangu ya simu, hauhitaji seva, yaani kompyuta ya mbali, ya mtu yeyote. Anayetuambia vinginevyo anatuuzia shida ambayo hatukuwa nayo.

Tena kushirikiana printa ni kazi ya zamani sana. Mwaka 1973, kwenye maabara za Xerox PARC huko California, Bob Metcalfe alikuwa anatafuta namna ya kuunganisha kompyuta za Alto zilizokuwa zinatengenezwa pale. Moja ya sababu kubwa ilikuwa printa. Gary Starkweather alikuwa ameunda printa ya leza, na kompyuta zote zilitakiwa ziweze kuifikia. Kilichotoka pale ni Ethernet, mzazi wa mitandao ya ndani tunayotumia leo, na ndiyo hiyo bado imo kwenye matundu ya waya nyuma ya ruta zetu. Yaani tangu siku za mwanzo kabisa, mtandao wa ndani uliwekwa ili watu wengi wachape kwenye mashine moja. Leo mtu anakaa mita moja kutoka kwenye printa yake mwenyewe na anaambiwa asubiri mtandao wa dunia urudi.

Hebu tuangalie kinachotokea ukichapa kwa njia safi, maana ukishakiona hutakubali kudanganywa. Simu inauliza mtandao mzima wa nyumbani kwa mpigo mmoja: kuna printa hapa? Swali hilo linatumwa kwenye anwani 224.0.0.251, poti (mlango wa mtandao) 5353, na kwa kanuni zake anwani hiyo haivuki ruta kwenda nje. Printa inasikia na kujibu kwa jina lake linaloishia na .local. Inataja anwani yake na mambo inayoyaweza: ina rangi au haina, inachapa pande mbili au upande mmoja, inakubali faili za aina gani. Apple walianza kutumia utaratibu huu mwaka 2002, leo wanauita Bonjour, na kanuni zake zilichapishwa rasmi mwaka 2013 ili yeyote azifuate. Baada ya kujuana, simu inaituma kazi kwa IPP, utaratibu wa kuchapa ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999, kupitia poti 631. Printa inapokea, inachapa, inarudisha taarifa: nimemaliza, au karatasi zimeisha, au wino umepungua.

Basi, imeisha hapo. AirPrint, njia ya Apple ya kuchapa iliyotoka mwaka 2010, imejengwa juu ya mambo hayohayo. Mopria, muungano ambao Canon, HP, Samsung na Xerox waliuanzisha mwaka 2013 na ambao utaratibu wake wa kuchapa unatumika sana upande wa Android, nao unapita njia hiyohiyo. Linux na Mac wana CUPS, mfumo wao wa kuchapa, ambao nao unazungumza IPP. Hakuna hatua hata moja katika hizo inayohitaji kumjulisha mtengenezaji kwamba fulani anachapa fomu ya shule.

Kwa nini basi akaunti? Wanasema ni kwa urahisi wetu. Mimi naona urahisi ni wao. Akaunti ndiyo inayobeba usajili wa wino wa kila mwezi, ule ambao printa inahesabu kurasa zako na kuzipeleka kwa kampuni, na ukiacha kulipa, katriji walizokutumia zinakataa kuchapa hata kama zina wino ndani. Akaunti ndiyo inayowapa anwani ya kukutumia matangazo. Na programu ikishazoeleka kuwa mlango pekee, siku yoyote wanaweza kuongeza sharti jingine mlangoni. Ni sawa na seremala aliyekutengenezea kabati, ukalilipia lote, halafu kila asubuhi umpigie simu akuruhusu utoe shati.

Mtu ataniambia seva za mbali hazina ubaya, zinafanya kazi vizuri. Zinafanya, mpaka siku mwenyewe atakapoamua kuzizima. Google walikuwa na Cloud Print. Ilisifiwa sana, watu wakaitegemea majumbani na maofisini: unachapa kutoka popote, kazi inakwenda kwanza kwa Google, kisha inarudi kwenye printa yako. Tarehe 31 Desemba 2020 wakaifunga. Printa zenyewe hazikuwa na hitilafu yoyote, wino ulikuwepo, karatasi zilikuwepo, lakini waliokuwa wanachapa kwa njia hiyo iliwabidi watafute nyingine. AirPrint ilianza zama zilezile za Cloud Print, na bado ipo hadi leo, maana hakuna seva ya kati ambayo mtu fulani akiizima kuchapa kunakufa. Mwenye printa akitaka ushahidi wa nini kinadumu na nini hakidumu, huo hapo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba programu ya mtengenezaji ina kazi moja ya halali. Printa nyingi ndogo hazina skrini wala vitufe vya kuandikia, kwa hiyo neno la siri la waifai lazima liingie kwa njia fulani, na programu inafanya hivyo vizuri kuliko kubahatisha vitufe. Sawa. Itumie siku ya kwanza, printa ikishaingia kwenye waifai, iongeze kwenye simu na kompyuta kupitia mfumo wenyewe, kisha uifute hiyo programu. Na anayetaka kuchapa akiwa safarini, huyo ana sababu ya kupita nje. Lakini hilo liwe hiari yake. Kumlazimisha aliye sebuleni apite njia ya aliye safarini ni uonevu.

Kuna kero nyingine inayowatesa watu wengi zaidi, na hii angalau dawa yake iko mikononi mwetu. Printa inawaka, taa ya waifai imetulia, lakini kompyuta inang'ang'ania kwamba printa haipo mtandaoni. Watu wanafuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa, wanaiweka tena, wanazima kila kitu na kuwasha, wengine wanaishia kununua printa mpya. Mara nyingi shida ni anwani tu. Ruta haivipi vifaa anwani za kudumu, inaviazima kwa muda. Siku ya kwanza printa ilipewa 192.168.1.7, na Windows ikaandika namba hiyo kwenye mipangilio ya printa. Umeme ukakatika, ukarudi, simu ya mtu ikawahi ile 7 na printa ikapewa 12. Windows bado inabisha hodi kwenye 7, na anayeishi 7 sasa ni simu.

Iambie printa ichape ukurasa wa taarifa za mtandao, nyingi zina menyu au kitufe cha kufanya hivyo. Kwenye ukurasa huo tafuta anwani ya MAC, utambulisho wa kifaa chenyewe, zile alama 12 za namba na herufi zilizopangwa mbilimbili. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya DHCP inayogawa anwani, uitengee printa anwani moja kwa kutumia hiyo MAC, kisha uizime na kuiwasha. Kama kompyuta bado inaishi na namba ya zamani, futa printa kwenye orodha na kuiongeza upya kwa anwani mpya. Mara moja tu, basi. Na ukiwa na anwani hiyo, iandike kwenye kivinjari uone. Printa nyingi zitakufungulia zenyewe ukurasa wake: kiasi cha wino, foleni ya kazi, mipangilio ya kuskani, hata sehemu ya kuzima huduma za mbali. Vitu ambavyo programu inakutaka ujisajili ndipo uvione, vimekaa humo kwenye mashine yako muda wote. Weka neno la siri la msimamizi kwenye ukurasa huo, usiuache wazi.

Mengine ni ya haraka. Kama simu haiioni printa kabisa, angalia kama simu iko kwenye waifai ya wageni, kwa sababu mtandao wa wageni kwa kawaida hauruhusiwi kuonana na vifaa vya nyumbani. Ruta nyingine zina mpangilio wa kutenganisha vifaa hata kwenye mtandao mkuu, uzime huo. Printa nyingi zinaelewa masafa ya GHz 2.4 peke yake, na za zamani hazijui WPA3, ulinzi mpya wa waifai, kwa hiyo ruta iliyowekwa WPA3 pekee itazikataa, iweke kwenye hali inayokubali na WPA2, ulinzi uliotangulia.

Wapo pia wanaoshikilia njia ya kale: printa inachomekwa kwa USB kwenye kompyuta moja, kisha kompyuta hiyo inaigawa kwa wengine. Kama printa haina waifai, huna namna. Kama inayo, iachie ruta. Kompyuta ile ikilala, nyumba nzima haichapi. Halafu Microsoft waliiondoa HomeGroup, njia yao ya kugawana printa na mafaili nyumbani, kwenye Windows 10 mwaka 2018, na mwaka 2021, baada ya PrintNightmare, udhaifu wa usalama katika huduma ya kuchapa ya Windows, kujulikana, wakabana masharti ya kuweka draiva kupitia mtandao. Masasisho ya Septemba mwaka huohuo yakawaachia wengi kosa la 0x0000011b kila walipojaribu kuchapa kwenye printa ya kompyuta ya jirani. Usalama ulihitajika, silaumu hilo. Ila kwa nyumba yenye simu nyingi kuliko kompyuta, njia hiyo imepitwa.

Na kwa kuwa nimetaja usalama, najua hoja itakayokuja: kwamba akaunti inatulinda. Mwaka 2018 mdukuzi mmoja alizifanya printa za watu nchi mbalimbali zichape ujumbe wa kumpigia debe PewDiePie, mtu maarufu wa YouTube, na alidai amezifikia 50,000. Alizipata kwa sababu poti yao 9100 ilikuwa imeachwa wazi kuelekea intaneti. Soma vizuri hapo: zilikuwa wazi kwa intaneti. Printa iliyokaa nyuma ya ruta, isiyofunguliwa poti yoyote ya nje, haikuwa kwenye orodha yake. Kwa hiyo tukio hilo linanipa nguvu mimi. Kadiri printa inavyozungumza na nje kidogo, ndivyo ilivyo salama zaidi, na akaunti ya lazima inaisukuma kinyume na hapo.

Ninachowataka watengenezaji ni kitu kimoja, nacho hakiwagharimu uvumbuzi wowote kwa sababu tayari kimo ndani ya mashine: printa ikishaingia kwenye waifai, ichape kwa kila aliye kwenye waifai hiyo, intaneti iwepo isiwepo, akaunti iwepo isiwepo. Wakitaka kuongeza huduma za mbali, waziweke pembeni kwa anayezihitaji.

Kwetu wanunuzi, kabla ya kutoa hela, soma boksi lote, hasa maandishi madogo ya chini. Ukikuta imeandikwa kwamba printa inahitaji kuunganishwa na intaneti muda wote, irudishe kwenye rafu. Tafuta alama ya AirPrint au Mopria. Ukifika nayo nyumbani, iingize kwenye waifai, kisha chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, acha ruta inawaka, na uchape ukurasa mmoja kutoka kwenye simu bila programu ya kampuni. Ukurasa ukitoka, una printa. Usipotoka, rudi dukani na risiti muda wa kurudisha ungalipo.