Nani akate upepo? Mabishano ya kusukumana barafuni

Ukitoka mbio Dodoma mjini kuelekea Ihumwa mwezi wa saba, upepo unakupiga kifuani mwanzo mwisho, na kundi la watu watatu halichelewi kumtambua mjanja wao. Mjanja ni yule asiyetangulia hata mara moja. Vikundi vya joging vya hapa mjini vina dawa yake, nayo ni zamu: kila mtu akate upepo kidogo, kisha arudi nyuma avute pumzi. Ni haki inayoonekana kwa macho, na sijawahi kusikia mtu akiipinga.

Kwenye mchezo wa kuteleza barafuni kwa kasi, zamu hiyo hiyo imeanza kufa. Imeuawa kwa makusudi, tena kwa hesabu, na waliotangulia kuiua ni Wamarekani. Mabishano yaliyofuata yanaihusu barafu kwa juu tu. Kwa ndani yanahusu jambo ambalo wakimbiaji wa Dodoma, Singida na Manyara wanalifahamu kuliko mashabiki wengi wa huko kwenye baridi.

Mbio zenyewe ni za kufukuzana kitimu. Timu mbili huanza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa kiwanja, zikitafutana mgongo. Kila timu ina watelezaji watatu. Wanaume huzunguka mara nane kiwanja chenye mzunguko wa mita 400 hivi, wanawake mara sita, na kasi ya wanaume inapita kilomita 50 kwa saa. Saa haisimami mpaka mtu wa tatu avuke mstari. Wa kwanza kafika, wa pili kafika, bado timu haijafika. Hata ndugu zao wa baiskeli za uwanjani hawabanwi hivyo: kule wanaanza wanne kwa mita 4,000, muda unachukuliwa kwa wa tatu, kwa hiyo mmoja aliyeishiwa anaweza kuachwa njiani. Barafuni hakuna wa kumwacha.

Sheria hiyo ya mtu wa tatu ndiyo mzizi wa kila kitu, na wengi wanaolaumu mtindo mpya huwa wanairuka.

Mtindo wa zamani ulikuwa kama wa kwetu. Kiongozi anakata upepo mzunguko mmoja au zaidi, akifika kwenye kona anajitoa kidogo kwa nje, wenzake wanapita ndani, naye anaingia nyuma. Inapendeza kuitazama. Lakini ina gharama. Anayejitoa anapita njia ndefu kidogo kuliko wenzake, anakaa peke yake hewani kwa muda, na akichelewa kushika mkia inabidi aufukuze akiwa tayari amechoka. Kwenye mbio zinazoamuliwa kwa vipande vya sekunde, kila mabadilishano ni tozo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Hewa hukuzuia kwa mraba wa kasi yako: ongeza kasi maradufu, nayo inakuzuia mara nne. Aliye nyuma ya mwenzake anaokoa nguvu nyingi. Swali ni kwamba nguvu hiyo aliyoiokoa inakwenda wapi. Kwa mtindo wa zamani ilikuwa akiba ya zamu yake ijayo, na mara nyingine alilazimika hata kujizuia asimgonge wa mbele. Wamarekani walilitazama hilo wakasema: kwa nini isitumike sasa hivi? Sheria haikatazi kumgusa mwenzako wa timu. Basi wa pili anaweka mikono kiunoni au mgongoni mwa wa kwanza, wa tatu anafanya hivyo kwa wa pili, na wote wanasukuma. Aliye mbele anabaki mbele mizunguko yote nane.

Mtu wa Dodoma hahitaji mchoro. Bodaboda ikiishiwa mafuta barabara ya Singida, mwenzake anaweka mguu kwenye chuma cha nyuma na kuisukuma hadi sheli. Wa mbele anashika usukani na kula upepo, nguvu inatoka nyuma.

Matokeo ni ya kushawishi, ingawa si kwa kiasi ambacho wapenzi wa mtindo huu hukitangaza. Mwezi wa pili 2020, kabla kusukumana hakujashika kasi, Waholanzi waliweka rekodi ya dunia ya 3:34.68 mjini Salt Lake City. Desemba 2021, kwenye kiwanja hicho hicho, Wamarekani wakaishusha kwa mtindo wao hadi 3:34.47. Hiyo ni tofauti ya sekunde 0.21. Kama ingeishia hapo, ningesema hayo mapinduzi ni makelele. Lakini Januari 2024 wakafika 3:33.66, na Novemba 2025 wakafika 3:32.49, hapo hapo Salt Lake City. Katikati yake walichukua ubingwa wa dunia wa 2025 mjini Hamar, Norwei, wakiwa na Casey Dawson, Emery Lehman na Ethan Cepuran. Sekunde 2 na ushee ndani ya miaka isiyofika sita, kwenye mbio za dakika tatu na nusu, si bahati.

(Kwa wapenzi wa riadha: Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch 1974 alitumia 3:32.2. Muda karibu ule ule, ila hawa wa barafuni wanakuwa wameshakwenda mara mbili ya umbali huo. Na Bayi alikata upepo mwenyewe toka mlio wa bastola hadi utepe.)

Sasa wanaopinga. Hoja yao nyepesi ni ya usalama: mikono mgongoni kwa kasi ile, mmoja akiteleza vibaya wanaanguka wote. Hoja hiyo sinunui. Watu wameanguka miaka yote. Mwaka 2006 kule Turin, mbio hizi zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sven Kramer wa Uholanzi alikanyaga kijiwe cha kuonyesha mpaka wa njia katika nusu fainali dhidi ya Italia, akaanguka na ndoto ya dhahabu ikaishia pale. Kwenye fainali ya wanawake ya Beijing 2022, Japani ilikuwa inaizidi Kanada hadi kona ya mwisho, mtu wao wa tatu akaanguka. Uchovu huangusha watu kwa mtindo wowote.

Hoja yao nzito ni nyingine. Wanasema zamu ilikuwa kipimo. Ilimlazimu kila mmoja wa watatu akae mbele, peke yake na hewa, aonyeshe kifua chake. Timu ilihitaji kusomana: nani kachoka, nani aongezewe nusu mzunguko, nani afichwe. Sasa kipimo hicho kimeondoka, na wawili kati ya watatu wanaweza kuvaa dhahabu bila kutangulia hata mita mia. Mtazamaji naye anaona treni ikipita mara nane. Nikiri kuwa sura ya mbio imefifia; mabadilishano kwenye kona yalikuwa ndiyo mahali ambapo hata asiyejua mchezo alishtuka.

Lakini zamu nayo ilikuwa na ukatili wake, na watetezi wake huusahau. Pyeongchang 2018, robo fainali ya wanawake, Wakorea Kusini wawili walitangulia wakamwacha mwenzao wa tatu nyuma sana, akafika peke yake. Kwa kuwa saa ilikuwa inamngoja yeye, kule kutangulia kwao hakukuwa na faida yoyote. Nchini mwao watu kwa laki walitia saini kutaka wenzake hao waadhibiwe. Mkono ukiwa mgongoni mwa mwenzako huwezi kumwacha bila kujua, maana uzito wake unausikia kiganjani.

Halafu kuna jambo la mastaa. Uholanzi ndiyo nchi kubwa ya mchezo huu; huyo Kramer peke yake alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki tatu mfululizo, 2010, 2014 na 2018. Ungetarajia mbio za timu ziwe zao. Katika Olimpiki tano, kuanzia 2006 hadi 2022, wanaume wa Uholanzi walishinda mara moja tu, 2014. Italia ilichukua 2006, Kanada 2010, Norwei 2018 na 2022. Watelezaji wa Uholanzi kwa muda mrefu wamekuwa wakifanya mazoezi kwenye timu za wafadhili zinazoshindana zenyewe kwa zenyewe, wanakutana kama taifa mashindano yakikaribia. Kwa mtu mmoja mmoja hawashikiki. Wakiwa watatu, ni kama wageni wao kwa wao.

Kisa cha Shani Davis kinaonyesha upande wa pili wa sarafu. Kule Turin 2006 Mmarekani huyo alikataa kuingia mbio za timu ili atunze miguu yake kwa mita 1,000. Mwenzake Chad Hedrick, aliyekuwa akiwinda dhahabu tano, hakuficha hasira zake. Marekani ikatolewa na Italia robo fainali. Davis akashinda mita 1,000 na kuwa mwanamichezo mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya majira ya baridi. Nani alikosea? Mimi nasema hakuna. Mbio za timu wakati ule zilikuwa kama ziada ya kuokoteza mastaa dakika za mwisho, na staa ana haki ya kukataa ziada. Kusukumana kumefuta hali hiyo. Huwezi kumchomeka mtu kwenye safu ambayo wenzake wameizoea kwa misimu kadhaa, mguu kwa mguu, kiganja kwa kiuno. Hilo linawafaa wasio na majina makubwa. Linawanyima nafasi wakali ambao zamani wangeitwa usiku wakashinda asubuhi. Nikipima, faida naiona ni kubwa, ila wapo wanaoona hapo ndipo mbio zilipogeuka kuwa kazi ya wahandisi, na hoja yao ina mashiko: mtindo huu ulizaliwa kwenye hesabu za hewa kabla haujajaribiwa barafuni, na hesabu hizo si kila nchi inaweza kuzilipia.

Wala si uchawi. Wamarekani walikwenda Beijing 2022 wakiwa na rekodi ya dunia mkononi, wakafungwa na Warusi nusu fainali, wakarudi na shaba. Salt Lake City iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, ndiyo maana rekodi zinaanguka huko. Beijing iko chini. (Dodoma yetu, kwa zaidi ya mita 1,100, inakaribiana na Calgary, kiwanja kingine cha rekodi. Hewa tunayo. Barafu ya mzunguko wa mita 400 kwa jua hili la Oktoba ni habari nyingine, na bili ya umeme wake nisingependa kuiona.)

Linalonigusa zaidi ni yule wa mbele. Dodoma ina mtoto wake aliyeijua kazi hiyo: Juma Ikangaa. Aliongoza sehemu kubwa ya marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles 1984, akamaliza wa sita. Boston alikuwa wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi kwa sekunde moja. New York 1989 hatimaye aliwashinda wote kwa 2:08:01. Mtu anayeongoza namna hiyo anawakatia wengine upepo bure, na wenye mwisho mzuri wanamlipa kwa kumpita. Alphonce Simbu wa Singida alifanya kinyume kule Tokyo 2025: alikaa na kundi, akaingia uwanjani akiwa na mguu uliobaki, akamnyaka Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe, wote wakaandikiwa 2:09:48. Tukashangilia, na ilistahili.

Kwa mbio za mtu binafsi, basi, anayekata upepo ni mkarimu au ni mjinga, inategemea matokeo. Kwa mbio za kufukuzana za zamani, mzigo uligawanywa. Kwa mtindo mpya unarudi kwa mtu mmoja, ila kwa mara ya kwanza analipwa papo hapo: kila anachowaokolea wenzake kinamrudia mgongoni kwa njia ya msukumo. Hapa ndipo ninapoachana na wanaosema haki imekufa pamoja na zamu. Zamu inagawa mateso sawasawa. Kusukumana kunagawa kazi kwa kadiri ya nafasi ya kila mtu, na saa inayomngoja wa tatu inahakikisha hakuna abiria.

Wapo wanaopendekeza dawa ya kati: kila mtelezaji alazimike kuongoza walau mzunguko mmoja. Sheria ya namna hiyo ingerudisha pambo la kwenye kona na kumrudisha kila mtu hewani. Ningeipokea kwa ajili ya watazamaji tu. Kwa ajili ya haki, hapana, kwa sababu timu zingefanya zamu hizo za lazima haraka haraka mwanzoni, kisha zirudi kusukumana.

Ninachotamani kukiona kwetu ni ile saa ya mtu wa tatu. Mbio za nyika za shule tunahesabu nafasi za kila mkimbiaji na kuzijumlisha, kwa hiyo hodari anakimbia zake na dhaifu anakimbia zake. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ingeweza kujaribu kilomita tatu kwa timu za watatu, muda ukichukuliwa kwa wa mwisho. Riadha hairuhusu kushikana wala kusukumana, kwa hiyo swali la nani atangulie kwenye upepo wa Chamwino lingebaki pale pale kwa wanafunzi wenyewe kulitatua, na nadhani wachache wangechagua zamu sawa kwa sawa baada ya kufungwa mara moja na timu iliyomweka mbele mwenye kifua kipana.