Mkanda Begani, Mkoba Gongo la Mboto

Jumamosi moja, mnamo saa saba mchana, niliteremka kwenye daladala pale Buguruni nikiwa na mkanda wa mkoba begani, kama inavyompasa mpigapicha wa sherehe anayejiheshimu, ilhali mkoba wenyewe ulibaki ndani na kuendelea na safari ya Gongo la Mboto. Sikugundua mara moja. Nilikwisha kuvuka mtaro na kukung'uta suruali ndipo nikahisi wepesi usio wa kawaida ubavuni, nikatazama, nikaona mkanda unaning'inia mtupu kama ule wanaovishwa warembo jukwaani, na kule mbele konda amekwisha kugonga bodi mara mbili. Dereva wa bodaboda niliyemkodi alilipata lile gari Tazara, baada ya kunitajia bei na kuipandisha papo hapo alipoona ninatetemeka. Mkoba ulikuwa mapajani mwa mama mmoja mtu mzima, ameupakata kama mjukuu. Nilimwamkia kwanza, kwa kuwa mali inaweza kupotea lakini adabu haina ruhusa hiyo, naye akaitikia marahaba, akaukagua ule mkanda niliokuwa nimeuvaa bado, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi siti ya nyuma: "Mwanangu, vyuma vyote hivi umevishonea uzi wa vishikizo?"

Napenda nieleze bila jazba kwamba sikuushona mimi. Niliuzia akili yangu duka moja ambalo sitalitaja, kwa sababu ya neno "imara" lililochapishwa kwa herufi za dhahabu. Ndani ya mkoba huo hukaa kamera mbili, lenzi fupi ya kupigia maharusi wakiwa karibu, lenzi ndefu ya 70–200 ya kupigia wazazi wanaolia wakiwa mbali, ambayo peke yake ina kilo moja na nusu hivi, flashi mbili, betri, chaja na kitambaa cha kufutia jasho. Jumla haipungui kilo tano. Kilo tano hizo zote zilikuwa zinaning'inia kwenye mshono wa upana wa vidole viwili, pembeni juu kabisa, mahali ambapo mkanda umegusishwa kwenye kitambaa kama stempu kwenye barua. Hamali yeyote wa Kariakoo, ambaye hajawahi kusomea ubunifu wa mikoba, anajua kwamba kamba ya kubebea hupita chini ya gunia na haifungwi kwenye masikio yake. Mkanda unatakiwa uteremke ubavu mmoja, uzunguke kitako, upande ubavu wa pili, ili kitambaa kazi yake iwe kufunika tu na mzigo uubebe mkanda. Jambo hili halihitaji chuo kikuu. Mimi mwenyewe nimelihitajia bodaboda.

Najua mtashauri ninunue begi la mgongoni, lile jeusi lenye jina la kamera limeandikwa kwa nyuzi nyeupe. Ahsanteni. Mtu anayepanda daladala ya saa kumi na mbili jioni akiwa na begi la namna hiyo mgongoni ni sawa na aliyepiga baragumu na kusema njooni mchague. Ndiyo maana nataka mkoba wa begani, wa kitambaa kizito cha turubai, unaokaa mbele ya tumbo ambako jicho langu linafika, unaofanana na mkoba wa mwalimu mkuu anayerudi na madaftari. Wenzetu walilitambua hili zamani. Huko Marekani, katikati ya miaka ya 1970, mpigapicha wa gazeti la Philadelphia Inquirer aitwaye Jim Domke alichoshwa na masanduku magumu ya kamera, akabuni mkoba wa turubai la pamba usio na sponji nyingi, unaoulalia mwili badala ya kuupiga mbavu. Uingereza nako, kampuni ya Billingham ilianza mwaka 1973 kushona mikoba ya wavuvi, na ilipofika 1978 wenyewe wakagundua kwamba huko New York mikoba yao inanunuliwa na wapigapicha, samaki hawahusiki. Mikoba hiyo ingalipo hadi leo. Mmoja wa Billingham aghalabu unazidi pauni 200, kabla haujapanda ndege na kabla haujateremka bandarini, kwa hiyo nikahifadhi picha zake kwenye simu na kwenda Kariakoo.

Kariakoo, kama mnavyojua, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kile cha Carrier Corps, na mimi kwa ujinga wangu niliamini kwamba mahali palipopewa jina la watu wa kubeba mizigo hapawezi kukosa kitu cha kubebea. Kijana wa kwanza niliyemwambia ninatafuta turubai aliniuliza: "La harusi au la msiba, mzee?" Nikamjibu, kwa usahihi, kwamba ni la harusi, kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi. Akauliza la watu wangapi. Nikasema la mtu mmoja. Alinitazama kwa muda, akateremsha sauti, akasema, "Pole sana, baba."

Wa pili alinitolea shangazi kaja, lile begi la miraba, akaapa kwamba limekwisha kubeba friji. Wa tatu alikuwa na mkoba mzuri kweli, ila ulikuwa wa ngozi ya kugushi, ambayo kwa joto la jiji hili hubanduka magamba kama pono aliyekutana na kisu.

Wa nne ndiye aliyenimaliza. Dukani kwake ulikuwa umening'inia mkoba wa rangi ya kahawia-kijani, kifuniko kipana, mkanda umezunguka kitako kama nilivyoota usiku, na pembeni pete za chuma ambazo viungo vyake vimechomelewa, si zile zinazofumbuka kama hereni. Moyo ulinienda mbio, nikauficha. Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayepita tu, kama hiyo ni pamba. "Pamba asilimia mia, bosi, wakia kumi na nane, orijino." Sasa, wakia 18 ni habari kubwa. Turubai hupimwa kwa uzito wa yadi moja ya mraba, na wakia 18 ni kama gramu 610 kwa mita ya mraba, kitambaa ambacho ukikisimamisha kinasimama. Nilikikunja kikakunjika kama shuka. Nikatoa daftari langu dogo nikaandika. Nikatoa futi ya kitambaa nikapima upana wa mkanda, nikaandika. Nikahesabu mishono mahali mkanda unapokutana na pete, nikageuza ndani nikatazama bitana, nikaandika pia. Hapo kijana akabadilika. Akaniletea kiti. Akatuma mtoto alete soda baridi. Jirani yake wa kulia akaanza kushusha shata taratibu, wa kushoto akakumbuka kwamba ana mgonjwa, na nikasikia mtu akinong'ona kwa mwingine, "Watu wa kodi hao, siku hizi wanakuja wamevaa kienyeji."

Ningeishia hapo ningekuwa nimekunywa soda ya bure na kuondoka na heshima zangu. Lakini mtu aliyepoteza mkoba Buguruni haamini neno la mtu, na nilikuwa nimeandaa kipimo. Uzi wa pamba ukiuchoma huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, lakini wa poliesta huyeyuka na kujikunja kuwa shanga ngumu nyeusi. Kwa hiyo nilichomoa uzi mmoja uliojitokeza chini ya kifuniko, nikautenga mbali na bidhaa, nikaingiza mkono mfukoni na kutoa kiberiti.

Sikuwa nimefikiri vya kutosha kuhusu mahali. Soko lile liliungua Julai 2021, na mtu mwenye akili timamu hatoi kiberiti katikati ya vitambaa Kariakoo akategemea wanaomzunguka wamwulize habari za nyumbani. "Mzee, moto?!" Kijana aliruka meza. Mama muuza leso alibeba mtaji wake wote kwa mkupuo mmoja. Hamali mwenye mkokoteni alisimama katikati ya njia, wa nyuma yake naye akasimama, na kwa muda wa dakika kumi hakupita mtu wala mzigo, huku mimi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mjumbe wa kamati ya maulidi mtaani kwetu, nimeinua mikono miwili juu, wa kulia una kiberiti na wa kushoto una uzi wa urefu wa kidole. Nilieleza. Nilieleza habari za pamba, za poliesta, za jivu na za shanga. Mzee mmoja wa makamo yangu, aliyekuwa amekaa kwenye marobota ya vitenge, ndiye aliyeniokoa kwa kusema tutoke wote barabarani tuuchome huo uzi ili kazi ziendelee. Tukatoka. Umati ukafanya duara. Nikawasha. Uzi ukalia, ukajikunja, ukawa shanga nyeusi tii, yenye kung'aa, ambayo ningeweza kuitunga mkufu. Nikamtazama kijana. Naye, bila kupepesa, akasema, "Pamba ya kisasa ndivyo inavyoungua, baba."

Na soda nililipishwa.

Habari za zipu sitazieleza kwa urefu maana shinikizo langu la damu liko chini ya uangalizi. Nitasema tu kwamba kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1934 imeipatia dunia herufi tatu, YKK, na kwamba siku hiyo niliziona kwenye zipu ambayo kichwa chake kilibaki mkononi mwangu kwa kuvutwa mara moja.

Hatimaye nilielekezwa kwa fundi wa maturubai ya malori, anayefanyia kazi zake uwanjani, bega kwa bega na fundi viatu mwenye kopo la gundi lililo wazi tangu asubuhi. Huyu hakuniita bosi. Alinisikiliza, akalipangusa cherehani lake kubwa vumbi, akavuta kipande cha turubai la zamani kilichofifia vizuri sana. "Haya ya siku hizi ni plastiki," alisema. "Hili ni pamba yenyewe. Likiloa nyuzi zinavimba, matundu yanajiziba." Aliuchoma uzi kwa sigara yake kabla sijamwomba, ukawa jivu, na nilikaribia kumkumbatia. Mkanda ungepita chini ya kitako, uzi wa nailoni, mshono wa mraba wenye msalaba ndani kila kwenye pete. Kifuniko kingefungwa kwa vishikizo vya chuma, zipu isitajwe. Shilingi elfu arobaini na tano, nije Alhamisi. Alhamisi ya fundi mnaijua, kwa hiyo niliuchukua Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, nikaenda nao moja kwa moja ukumbini Tabata.

Na ulikuwa mkoba. Nashuhudia kwamba ulikuwa mkoba. Nilishuka kwenye daladala tukiwa pamoja. Ila ndani ya daladala nilihisi kwamba watu wananipa nafasi isiyo ya kawaida, na nilidhani ni heshima. Ukumbini, mbali na gundi ya yule fundi viatu, chini ya feni, ndipo nilipoelewa. Nilimpigia fundi nikamwuliza lile turubai lilifunika nini huko nyuma. Akajibu kwa furaha ya mtu anayekumbuka enzi zake: "Lile? Lile limefanya njia ya Mwanza miaka sita, mzee. Dagaa." Shangazi wa bibi harusi alikuwa tayari anazunguka akiuliza ni nani aliyeingia na kitoweo. Niliwakumbuka wale wavuvi wa Billingham, nikaenda kuuweka mkoba nje, karibu na jenereta, nikawa natoka mbio kila nilipohitaji lenzi. Mara ya tatu nikakuta paka wawili wameukalia kifuniko, na mpishi amesimama kando yao, akaniuliza kwa sauti ya chini kilo ninauza bei gani.