Saa Saba Kamili

Tiketi ilisema tunaondoka London saa nne asubuhi, tunafika New York saa saba mchana. Nne mpaka saba, tatu. Hesabu ya darasa la kwanza. Nikamtangazia binamu yangu niliyesafiri naye kwamba ni saa tatu tu, kufumba na kufumbua, asijisumbue hata kubeba kitabu.

Chakula kilipoletwa nilikikataa kwa madaha. Nitakula nikifika, nikamwambia mhudumu. Binamu akala chake, akaomba na mkate wangu, akalala.

Saa yangu ya mkononi ilipotimia saa saba kamili, nikainuka. Nikavaa koti, nikashusha begi, nikasimama kwenye ujia nimelikumbatia kama mzoefu wa safari. Abiria wengine walikuwa fofofo. Nikawaonea huruma: watashtuka ndege imeshatua, wao bado wanatafuta viatu chini ya viti.

Mhudumu akaja kuniuliza kwa upole kama naumwa. Nikamwonyesha saa. Akaitazama, akalitazama begi, kisha akaninyooshea kidole kwenye skrini: kindege cheupe, chini yake buluu tupu, na nchi kavu iliyo karibu ni Greenland. Moyo ukapiga pa! Greenland tumefuata nini? Halafu ule mstari wa safari haukunyooka, umepinda kwa juu kama nyusi. Nikamtikisa binamu nimwambie rubani kapotea.

Akafungua jicho moja. "Kaka, unashukia hapa baharini?"

Akaniaibisha vizuri, kwa kalamu, juu ya tishu. Umbali ni kama kilomita 5,500. Gawa kwa tatu, ndege iwe inakwenda zaidi ya kilomita 1,800 kwa saa. Hata Concorde, iliyokuwa ikiishinda sauti kwa mbio mpaka ilipostaafishwa mwaka 2003, ilihitaji kama saa tatu na nusu. Hii yetu ilikuwa inajikokota kwenye 850 hivi, tena upepo unaipiga usoni. Kumbe kila muda kwenye tiketi ni wa mji wake, na New York iko nyuma ya London kwa saa tano. Tatu jumlisha tano, nane. Nao ule mstari uliopinda ndio njia ya mkato, maana dunia ni mviringo. Kilichobapa ni ramani.

Nikarudi kukaa na njaa yangu. Saa tano ni ndefu sana kwa mtu aliyekataa chakula kwa madaha.

Siku ya kurudi nilikuwa mtaalamu. Kuondoka saa tatu usiku, kufika saa tatu asubuhi: kumi na mbili. Jumlisha zile tano, kumi na saba. Binamu akafungua mdomo, nikamzuia kwa kiganja. Nikala changu chote, nikaomba cha ziada, nikajipangia ratiba: filamu tatu, halafu usingizi wa saa kumi.

Filamu ya tatu haijafika hata nusu, taa zikawaka, tukaambiwa tufunge mikanda. Nikamshika binamu mkono. "Kuna dharura. Tunatua njiani!"

Alikuwa ameshavaa koti. Upepo ule ule, safari hii, ulikuwa unatusukuma mgongoni, na kumi na mbili toa tano ni saba.

"Kaka," akasema, "sasa ndiyo unashuka."