Kumwomba Mama Mwenye Nyumba Aandike Si Kumkosea Adabu

Jioni moja ya Julai, baridi ya Mbeya imeshika kweli kweli, kijana wa mama mwenye nyumba alitubishia hodi pale Ilomba. Maneno yake yalikuwa mafupi: kuanzia mwezi ujao kila chumba ni 45,000, si 30,000 tena. Sisi tuna vyumba viwili. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mbona nimeshalipa mpaka Desemba?" Akasema mama, ambaye siku hizo alikuwa Kyela anauguza, hakumpa habari hiyo, na daftari la nyumba halionyeshi kitu.

Ni kweli, halikuonyesha. Kodi ya miezi sita, 360,000, nilimpa mama mkononi sebuleni kwake. Tukanywa chai, akasema "ndaga, mwanangu," yaani asante kwa Kinyakyusa, nikarudi kwangu. Mke wangu alipojifungua, huyu mama ndiye aliyemkanda maji na kumletea uji. Ningeanzia wapi kumwambia aniandikie?

Wapangaji wengi wa huku kwetu tunanasa hapo hapo. Tunaona kudai risiti ni kumwambia mtu mzima kwamba ni mwizi. Mimi sasa nashikilia kinyume chake: unayemheshimu, usimwachie kazi ya kukumbuka hela zako. Mama alipatikana kwa simu siku ya tatu, akathibitisha kila shilingi, na mwanawe akaomba radhi. Lakini siku tatu hizo hatukulala. Je, kama mgonjwa angekuwa yeye mwenyewe? Warithi wangekuta nyumba na daftari tupu, na mimi ningekuwa mpangaji asiyelipa.

Watu wengine wanaamini iko ofisi ya serikali inayopanga bei ya chumba. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, ikafutwa 2005. Tangu hapo bei ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi ikikupitia jirani, au wanafunzi wakifungua chuo pale Iyunga, usishangae kusikia bei imepanda. Atakachokuwa nacho mpangaji ni yale mliyokubaliana, na lazima yaonekane: kodi ni kiasi gani, imelipwa kuanzia tarehe ipi hadi ipi, na taarifa ya kupandisha itolewe miezi mingapi kabla. Hilo la mwisho ndilo tunalolisahau, tunahangaika na idadi ya funguo. Mkataba ukishasainiwa, chukua nakala yako. Nimeona watu wanasaini mbele ya dalali, karatasi moja tu, na inabaki kwa mwenye nyumba.

Ukilipa kwa simu, tuma kwa namba yenye jina la mwenye nyumba. Ukitumiwa namba ya shemeji au ya dalali, mwombe mwenye nyumba akuandikie ujumbe kwamba ndiye aliyekuelekeza huko. Na simu huibiwa, hasa ukipita Mwanjelwa siku ya msongamano, kwa hiyo nakili namba ya muamala kwenye daftari lako siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo karibu hakuna mpangaji anayelihesabu ni LUKU. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo tunaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Hiyo ni 18,000 kwa mwaka, na ni deni la mwenye jengo, wala si la anayeingiza tokeni. Mimi nilikuwa nailipa bila kuitazama. Nikaanza kutunza ujumbe wa kila manunuzi, pamoja na karatasi ya fundi aliyebadilisha bati mbili wakati wa mvua na risiti ya duka la vifaa.

Mkishindwana kabisa, mnaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa, mnapita Baraza la Kata, ambalo kazi yake sasa ni kusuluhisha, na shauri lenyewe linasikilizwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sisi hatukufika huko. Kote huko utaulizwa una nini mkononi, na karatasi ya kukusanya baada ya ugomvi kuanza ni ngumu kuipata, maana aliyepaswa kuisaini ameshakasirika.

Mwezi Desemba mama alirudi, na ongezeko lilikuwa palepale. Nilienda kwake na mke wangu, nikamwekea mezani meseji za LUKU nilizozinakili na karatasi za bati. Sikugomba. Alivaa miwani akasoma moja moja, akauliza bei ya misumari, akapiga hesabu kwa vidole. Tulikubaliana 37,000 kwa chumba kuanzia Januari, na kwamba safari nyingine atatuambia miezi mitatu kabla. Nikaandika yote hayo kwenye daftari jipya, kurasa mbili zinazofanana, moja yake moja yangu. Akasaini. Kisha akaniuliza kama naweza kumtengenezea daftari kama lile kwa ajili ya wapangaji wengine watatu wa uani.